Picha Moja ya Watoto wa Ratilal

Teresia alikuwa amevua kiatu kimoja tu simu ilipolia. Alijua ni nani kabla hajaiinua. London nzima hakuna mtu mwingine aliyempigia palepale anapotoka wodini, miguu ikiwaka moto, kana kwamba amejificha nyuma ya mlango akimsubiri.

"Teresia, uko?"

"Nisingekuwepo ungekuwa unaongea na nani, Champa?"

"Usianze. Jumapili uje Hayes. Uje na mashine ya presha, kichwa kinamzunguka Sushila tena. Na uje na ile picha."

"Picha gani?"

"Ya Malakisi. Lila anaitaka huko Kanada."

Habari ya presha Teresia alikwisha kuizoea. Tangu mwaka ule wadogo zake, Champa na Sushila, waliposhuka kwenye ndege mwezi wa Februari, wakikimbizana na sheria mpya ya Uingereza iliyotaka kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya, yeye ndiye aliyekuwa mganga wao, mkalimani wao na mchukuzi wao. Aliwalaza sakafuni katika chumba chake cha Stratford. Aliwaandikisha kwa daktari. Mambo ya pasipoti yalipokwama, alipanga foleni nao kwenye ofisi za uhamiaji Croydon, akabishana na makarani mpaka sauti ikamkauka. Walipopata kazi za kupakia vyakula vya abiria wa ndege huko Hayes wakanunua nyumba, sherehe ya kuingia nyumba ilifanyika, na Teresia akaipata habari yake wiki iliyofuata, alipoitwa kuangalia kidole cha Sushila kilichoungua jikoni.

Lakini picha? Picha hiyo hawakuwahi kuiulizia hata siku moja.

Baba yao, Ratilal, alifungua duka Malakisi, magharibi ya Kenya, akiwa kijana asiye na kitu ila mizani na magunia mawili. Aliyemfundisha lugha ya wateja, nani wa kukopeshwa na nani wa kuogopwa, alikuwa Nasimiyu, msichana wa Kibukusu aliyekuja kununua sabuni akabaki. Teresia ni mtoto wao. Baadaye ndugu za Ratilal walimletea mke kutoka Gujarati, India, na Nasimiyu akahamia nyumba ndogo ya uani. Hakuna aliyemfukuza. Alisogezwa tu, kama gunia. Watoto wa yule mke mpya walipozaliwa, Champa, kisha Sushila, kisha Lila, kiuno kilichowabeba ni cha Teresia, na Kiswahili walichojifunza kabla ya Kigujarati ni chake.

Siku moja mpiga picha alipita Malakisi akitokea Kisumu. Ratilal akaketi kwenye kiti mbele ya duka, Champa na Sushila wakasimama kando yake wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mama yao alikuwa kitandani, uzazi umemchosha, kwa hiyo mwishoni mwa mstari alisimama Teresia, miguu pekupeku, amempakata Lila mchanga. Ilitoka picha moja tu. Teresia alipopata nafasi ya kusomea unesi Uingereza, baba yake aliitoa ukutani mwenyewe, akamfungia kwenye gazeti. "Wakikuuliza watu wako ni kina nani," alimwambia, "waonyeshe hii."

Jumapili akaivuka London kutoka upande mmoja hadi mwingine, treni na basi na basi jingine, picha ikiwa imelazwa katikati ya taulo mbili ndani ya mfuko. Alianza na presha, maana ndivyo ilivyokuwa kawaida: kazi kwanza, chai baadaye.

"Presha yako nzuri kuliko yangu," alimwambia Sushila aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi kama maiti. "Punguza chumvi. Na kelele."

"Kelele ni za Champaben," Sushila alinong'ona.

Champaben. Sushila alimheshimu dada yake kwa jina lile, yaani "dada Champa" kwa Kigujarati, na watoto wa mtaa mzima vilevile. Teresia, aliyewazidi wote umri, alikuwa Teresia tu.

Champa akaja na karatasi iliyopigwa chapa na binti yake. Akaeleza shughuli yenyewe. Kijiji wanakoishi Lila na mumewe Gurmit, kule kwenye nyanda za ngano za Kanada, kinaadhimisha miaka ya kuanzishwa kwake, na kimeamua kuchapa kitabu. Kila familia yenye shamba imepewa ukurasa wa kusimulia ilikotoka, pamoja na picha. Gurmit na Lila ndio Wahindi pekee mahali pale, na wanataka ukurasa wao usiwaaibishe.

"Sikiliza," alisema Champa, akakohoa kama mtangazaji wa redio. "'Lila alizaliwa katika ukoo wa wafanyabiashara wakubwa wa Kenya. Aliolewa na Gurmit, mhandisi, kwa baraka za wazazi wote wawili.'"

"Baraka?" Teresia alikiweka kikombe chini. "Baba si alimwambia akiolewa na Kalasinga asikanyage dukani tena? Harusi si ilifanyika uani kwa mama yangu? Na Gurmit amekuwa mhandisi lini? Alikuwa fundi wa mashine za pamba."

"Hayo mambo ya zamani."

"Historia si ndiyo mambo ya zamani, Champa? Au ninyi mnaandika ya kesho?"

Sushila alicheka kwenye kochi, akakumbuka kwamba anaumwa, akanyamaza.

Champa alinyoosha mkono, akapewa picha. Aliitazama kwa muda. Uso wake ukalegea, akagusa uso wa baba yake kwa ncha ya kidole, na Teresia akafikiri, labda. Kisha kidole kile kikahamia pembeni mwa picha, kikalala juu ya Teresia, wima, kama anayepima kitambaa.

"Nilikuwa nimefikiria tukate hapa," Champa alisema. "Iwe ndogo, nzuri. Lakini haikatiki. Umembeba Lila." Akainua macho, kwa lawama kabisa. "Kwa nini ulimbeba wewe?"

"Ningemweka chini? Mtoto wa wiki tatu?"

"Basi, nimepata njia." Champa akageuza karatasi. Chini kabisa, mahali pa maelezo ya picha, binti yake alikuwa amepiga chapa: *Ratilal na binti zake. Lila amebebwa na yaya.*

Teresia alilisoma neno lile, akalisoma tena. Kilichomchosha si chuki. Laiti wangemchukia! Mtu anayekuchukia unamfungia mlango, unalala. Hawa walimpenda. Champa alilia kwa sauti Nasimiyu alipofariki. Sushila hakumeza kidonge bila kumuuliza Teresia. Walimpenda jikoni, wakamsahau sebuleni. Kwenye harusi alitambulishwa kama "mtu wetu wa kutoka nyumbani," akakaa meza ya majirani. Watu waliofukuzwa kule wakaambiwa si wenyeji, wakaja huku wakaambiwa si wenyeji, wanaojua vizuri kabisa ladha ya kufutwa jina, walikuwa wameketi kwenye zulia lao jipya wakilifuta la mwenzao kwa upole, huku wakimkaribisha kashata.

"Picha haiendi popote na maneno hayo," alisema, akaichukua, akairudisha kati ya taulo.

"Teresia, usiwe mtoto. Wazungu wa huko hawakujui. Tutawachanganya bure."

"Wachanganyikiwe."

"Utamwaibisha baba!"

"Baba ndiye aliyenipa. Angeona aibu angenisimamisha nyuma ya duka."

"Basi tumuulize Lila!" Champa alipandisha sauti. "Ukurasa ni wake. Atakavyosema yeye, ndivyo. Umekubali?"

Teresia alikubali. Moyo wake ulituama kidogo. Lila alilelewa mikononi mwake. Lila alijua kufukuzwa ni nini, maana baba alipomkataa, ni kwa Nasimiyu alikolala, na fedha za kusafiria Teresia ndiye aliyewatumia. Lila hawezi.

Champa akaleta ufunguo, akafungua kikufuli alichokitia kwenye simu ili watoto wasipige ovyo. Aliyepokea Kanada alikuwa Gurmit, na alipaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

"Shemeji Teresia yuko hapo? Mwambie theluji imefika dirishani! Nimechimba njia ya kwenda kwa ng'ombe kama panya!"

"Simu ni ghali, Gurmit, mpe Lila!"

Lila alikuja. Champa alisoma karatasi kwa haraka, akipanga pumzi asitumie dakika nyingi, mpaka mwisho, mpaka kwa yaya. Teresia alikuwa amesogea, sikio karibu na simu. Halafu Lila akaangua kicheko.

"Yaya? Yaya gani? Champaben, sisi tulikuwa na uwezo wa yaya lini? Baba alikuwa anauza chumvi kwa kijiko!"

"Shh! Usiseme hivyo kwenye simu!"

"Hujui watu wa huku. Kurasa za wenzetu nimezisoma. Mmoja babu yake aliishi ndani ya shimo. Mwingine walikula viazi na chumvi mpaka majira ya kuchipua, ng'ombe akafa, wakamlilia kuliko shangazi. Hapa watu wanashindana nani aliteseka zaidi! Nikisema nililelewa na yaya, nitaonekana binti wa mfalme, Gurmit atatolewa kwenye kamati ya barabara. Futa yaya. Futa na wafanyabiashara wakubwa."

Teresia alisubiri. Yaya alikuwa amefutwa, na sasa ingefuata sentensi nyingine, ile rahisi kuliko zote.

"Andika 'Teresia' tu," alisema Lila. "Inatosha."

Teresia alimpokonya Champa simu.

"Lila. Teresia nani?"

"Ah, wewe bwana! Si tunajua?"

"Ninyi mnajua. Kitabu hakijui."

"Dada, wataanza kuuliza. Wataona, unajua wataona nini. Itabidi nieleze habari za baba, na mama yako, na mama yangu, kwenye kila chai ya kanisani..."

"Eleza! Una baridi ya miezi sita. Utafanya nini kingine?"

Nyuma ya Lila ilisikika sauti ya Gurmit: "Ni nini? Mwambie aandike dada! Mimi nilioa uani kwa mama yake, nikala kuku wake watatu, leo niseme yaya? Na mimi wataniita nani, dereva?"

"Umeniita nini sasa hivi?" Teresia aliuliza. "Kabla mumeo hajaingilia. Umeniitaje?"

Dakika za simu zilikuwa zikiyoyoma, Champa akionyesha saa ya ukutani kwa mikono yote miwili.

"Dada," Lila alisema, sauti imepungua.

"Basi mwambie Champa."

Champa aliandika kwa mkono wake, kwa herufi ndogo kama punje za ufuta: *Lila amebebwa na dada yake mkubwa, Teresia.* Teresia hakuondoka Hayes siku ile mpaka alipoisoma sentensi hiyo mara tatu. Jumamosi iliyofuata alirudi, akasimama mbele ya mwenye studio ya picha mpaka nakala ya kupeleka Kanada ikatoka, na picha yenyewe akarudi nayo Stratford, akaitundika juu ya redio.

Mwaka ukapita. Jioni moja ametoka kazini, hajavua kiatu, mlango ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa Champa. Champa ambaye kwake Stratford ilikuwa mbali, ingawa kutoka Stratford kwenda Hayes hapakuwa mbali hata kidogo. Alikuwa na kitabu kinene kifuani, na uso umemvimba.

"Tazama," alisema, hata salamu hakuna. "Tazama walichotufanyia!"

Teresia alifungua palipokunjwa. Ukurasa wa Gurmit na Lila ulikuwa umebanwa katikati ya familia mbili nyingine, na watengenezaji wa kitabu, kwa kukosa nafasi, walikuwa wameipunguza picha. Ukurasa ulikuwa wa Lila, basi wakamtafuta Lila. Walimbakiza yeye na aliyembeba. *Lila na dada yake mkubwa Teresia, Kenya.* Waliosalia wote walikuwa wamekatwa. Ukingoni lilibaki goti la baba yao, na kipande cha mguu wa kiti.

"Mimi sipo! Sushila hayupo! Baba amekuwa goti!" Champa alitupa mkoba kitini. "Mtu akisoma atadhani hatukuzaliwa!"

Kulikuwa na mengi ya kumwambia. Teresia alikuwa ameyaweka tayari kwa miaka, mengine ameyarudia njiani, basi baada ya basi. Lakini alipoitazama picha hakupata furaha aliyodhani ingekuwa mle. Hakupigania kubaki peke yake na mtoto mkononi, mbele ya duka lisilo na mwenyewe. Alipigania kuwa mmoja kwenye mstari, na mstari wenyewe walikuwa wameukata.

"Inauma," alisema.

"Inauma! Lazima wachape upya. Wapigie. Mimi Lila hanisikii, ataanza kucheka. Wewe piga, wewe ndiye mkubwa wetu."

Teresia alifunga kitabu polepole.

"Mimi ndiye nani?"

"Mkubwa! Usinichoshe na wewe, Teresia, piga simu!"

"Na Jumapili, mbele ya wageni wako wa Hayes, mimi ni nani?"

Macho ya Champa yalipanda ukutani juu ya redio, kwenye ile picha nzima, ambamo alikuwa bado yupo, amepakwa mafuta, ameshika kiti cha baba.

"Birika liko jikoni," Teresia alimwambia. "Chemsha chai kwanza. Mkubwa wenu ametoka kazini sasa hivi."

Akaketi, akaanza kuvua viatu. Jikoni, kwa mara ya kwanza tangu waijue London, Champa alikuwa akimtafutia majani ya chai, akifungua kabati hili na lile, akilalamika kwamba hakuna kitu kinachowekwa mahali pake.