Kiti Nilichompa Bwana Administrateur

Hasira yangu haijapoa, na sijui nimkasirikie mwalimu wangu au mimi mwenyewe. Shuleni alikuwa akinisukuma kwenye benchi huku akinguruma kwa Kifaransa, "Tais-toi." Nikaamini maana yake ni "keti."

Juzi bwana administrateur, mzungu mtawala wa wilaya, alikuja ofisini kwetu Fizi, nami ndiye karani mpya. Mkubwa haambiwi "toi", anaambiwa "vous", na kitenzi kinabadilika. Hilo nililijua vizuri. Nikamsogezea kiti mbele ya machifu wote, nikasema, "Taisez-vous, monsieur."

Akabaki amesimama, uso umemwiva. Nikadhani hakusikia. Nikarudia kwa sauti kubwa, nikikipigapiga kiti.

Baba Alimasi, karani mkubwa, akanivuta shati. "We, unamwambia muzungu afunge kinywa."