Siku Tatu Ndani ya Kopo la Vifungo

Katika ujia wetu wa mafundi, chini ya jengo la ghorofa nne lenye lifti isiyopanda, kila mtu ana ugonjwa wake, na mimi ndiye niliyeyapa magonjwa hayo majina. Sijasomea udaktari. Ninatengeneza simu, na anayeshika simu za watu kutwa nzima hujua yanayowasumbua hata wasiposema.

Mshona viatu ana Mtetemo: hushtuka na kujipapasa mfukoni akidhani simu inatetemeka, ilhali ameiacha kwangu kwenye chaji. Msusi wa mlango wa tatu ana Asilimia. Chaji ikishuka chini ya ishirini hapati hata hamu ya kula, na mteja atasubiri na kichwa kilichosukwa nusu. Nimeyaandika yote kwenye kipande cha boksi na kukitundika juu ya meza yangu. Watu husimama, husoma, hucheka, halafu hunyamaza wakifika kwenye wa kwao.

Ugonjwa wa Dada Kesho sikuuandika. Ule haukuwa wa kuchekwa.

Dada Kesho ni mshonaji, meza yake inatazamana na yangu. Jina alipewa na wateja. Ukimuuliza gauni lako limefikia wapi, anakuangalia kwa huruma, anasema "kesho," nawe unaondoka umefarijika kabisa. Miaka ishirini na miwili ameketi kwenye cherehani ileile. Anakupima kwa macho ungali mlangoni, na nguo inakukaa. Mshona viatu hupenda kumchokoza: "Linalowezekana leo lisingoje kesho, dada yangu." Naye humjibu kwamba viatu vyake mwenyewe vina tundu tangu mwaka juzi.

Sasa, kila akimaliza mshono mmoja, Dada Kesho alikuwa anachomoa simu chini ya vitambaa, anafungua jina moja tu, anatazama maandishi madogo yaliyo chini ya jina hilo, yale ya kusema mtu ameonekana mwisho saa ngapi, kisha anairudisha. Haandiki. Hapigi.

"Leo kaamka saa kumi na moja na dakika ishirini," ataniambia, wala sijamuuliza. "Kachelewa. Sijui mafua?"

Huyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mpishi katika shule ya bweni, mji wa mwendo wa saa tatu kwa basi. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka mitano.

Kisa alinisimulia mara moja tu, huku akitafuta sindano aliyokuwa ameishika. Mama yao aliugua, mdogo akamuuguza. Alimpigia dada yake: mama anakuulizia, njoo. Dada Kesho alikuwa na magauni sita ya harusi mezani. Akasema kesho. Siku ya pili akapigiwa tena, akasema kesho. Siku ya tatu alifika, akakuta viti vimeshapangwa uani. Mdogo wake akamwambia mbele ya watu: "Umekuja kumzika. Kumwona hukuja." Wakazika, na tangu hapo kila mtu akashika njia yake.

"Si umwandikie tu?" nilimwambia siku hiyo. "Neno moja."

"Yeye ndiye mdogo. Mdogo ndiye huamkia." Akaikanyaga mashine kwa hasira, ikakimbia, ikasimama. "Nimemkumbuka, fundi. Nimemkumbuka mpaka nimechoka. Nikiona yupo hewani, ni kama nimemwona anapita dirishani."

Damu ni nzito kuliko maji, lakini na kiburi nacho ni kizito. Sikumwambia hivyo, maana mimi ni mwoga wa mikasi.

Mwezi uliopita Dada Kesho alishona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja la bibi harusi. Ujia mzima ukakaa kikao. Dawa yetu ya magonjwa sugu ni moja, kulazwa: simu inazimwa, inatiwa kwenye kopo la vifungo, mfuniko unazungushiwa utepe wa gundi, na kopo linakaa mezani kwangu siku tatu. Msusi tulimlaza, akapona wiki nzima. Dada Kesho alikubali kwa ajili ya lile gauni. Jumatatu, saa nne asubuhi na dakika zake, alichungulia mara ya mwisho, akanikabidhi.

"Ikilia unishtue," alisema.

"Italiaje na imezimwa?"

"Basi tu, nasema."

Siku mbili nilimtazama akiteseka. Mkono wake ulikuwa unateleza wenyewe chini ya vitambaa na kukuta meza tupu. Jumanne alasiri aliniomba nifungue dakika moja tu, achungulie. Nikajifanya mkali. Mungu anisamehe, nilishaanza kujiona daktari kweli.

Jumatano saa saba mchana mwanamke mmoja aliingia ujiani karibu anakimbia, amevaa aproni ya jikoni na kandambili zilizolowa. Alisimama mbele ya meza ya Dada Kesho, akamwangalia kuanzia juu hadi chini. Hakutoa salamu.

"Kumbe mzima!" alifoka. "Tangu juzi saa nne na dakika nane hujaonekana! Nimekupigia mara tisa, haipatikani! Nimeacha sufuria za watoto wa watu motoni, kumbe wewe umekaa hapa unashona!"

Sikuhitaji vipimo. Zile dakika nane hakuna azijuaye ila mgonjwa. Miaka mitano hawa wawili walikuwa wanachunguliana kwenye dirisha moja, kila mmoja kwa upande wake, na mimi ndiye niliyelifunga. Siku ile ile simu ilipopigwa hatimaye, ilikuwa kwenye kopo mezani kwangu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ulikuwa unaniangalia?" Dada Kesho aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kila siku. Ukishalala ndipo nami nalala."

Mdogo akajipangusa uso kwa aproni. "Haya, nimekuona. Basi langu ni saa nane." Akageuka, akapiga hatua mbili, akasimama. "Kaburi la mama nimelijengea. Nimeotesha na maua. Hujaliona. Utakuja lini?"

Mshona viatu akashusha nyundo. Sote tulilijua jibu, na nililiona likija, midomo ya Dada Kesho imeshajipanga kulitoa. Lile gauni la bibi harusi lilikuwa bado chini ya sindano, la kuchukuliwa kesho yake, na shangazi wa bibi harusi alikuwa ameketi pale kwenye benchi kulilinda asidanganywe tena.

Dada Kesho aliinua chuma kinachobana kitambaa chini ya sindano, akalivuta gauni, akakata uzi kwa meno, akamwekea shangazi magotini, pini na yote.

"Leo," alisema. "Twende."

"Na harusi?" shangazi alipiga yowe.

"Nisamehe, mama. Msusi hapo anajua kushona upindo."

Akachukua mkoba, wakatoka. Nilikumbuka simu walipokwisha fika nje. Nikalinyakua kopo, nikawafuata mbio, vifungo vinapiga kelele. Walikuwa wamesimama ukingoni mwa barabara wakisubiri magari yapite, wanagombania nani abebe mkoba, na mdogo ameshinda. Nikafungua kinywa kumwita. Ndipo nikamsikia mdogo akisema, huku macho yake yako barabarani:

"Shikamoo, dada."

Dada Kesho alichelewa kujibu, na safari hii sikumlaumu.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mdogo wangu." Aliendelea kulirudia neno hilo wakivuka, na mimi nimesimama na kopo lake mkononi.