Ndoo ya Ethi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nimebeba ndoo ya maji kuipeleka nyuma ya chumba cha upasuaji, nikaimwage chini. Si kwenye maua wala kwenye mchicha. Chini, ardhini, basi. Ukicheka sikulaumu, maana na mimi nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ufundi, nimeajiriwa fundi umeme msaidizi katika hospitali moja nje ya mji wa Dodoma, upande wa kuelekea Msalato. Enzi hizo huko kulikuwa na vichaka na vumbi, hakuna aliyeota habari za uwanja wa ndege. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Salimu, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi, mwepesi wa utani na mgumu wa kuridhika. Jenereta, taa za upasuaji, mashine za wodini, pampu, vyote vilikuwa mikononi mwake, na mimi nilikuwa wa kumshikia ngazi.

Sasa nikueleze habari ya ndoo. Jengo lenye umeme lina waya mmoja ambao hauwashi taa wala hauchemshi chai. Unatoka kwenye mashine, unashuka ukutani, unaishia kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini. Hiyo ndiyo ethi. Mashine ikiharibika, umeme ukavuja mpaka kwenye bati lake la nje, ethi inauvuta ule umeme kuupeleka chini, fyuzi inakatika, na mtu aliyeshika lile bati anarudi nyumbani kwake jioni. Lakini ardhi haipokei umeme ikiwa kavu. Na hapa kwetu, mvua ikishaaga, imeaga. Udongo unakauka mpaka unapasuka, na ile fimbo inabaki imesimama kwenye vumbi, haina faida kwa mtu.

Kwa hiyo kila wiki ya kiangazi Mzee Salimu alikoroga chumvi kidogo kwenye maji, akazunguka mashimo ya ethi akiyamwagia moja moja. Mwenyewe aliita kunywesha. Wahudumu walimtania sana.

"Mzee Salimu, hiyo mbegu yako itaota lini?"

"Ombeni isiote," anawajibu. "Ikiota mtalia wote."

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Mabomba ya hospitali yalitoa maji siku moja, yakapumzika siku nyingi. Boza likija, maji yanaingia kwenye tangi la wodi na la upasuaji, na ndugu wa wagonjwa wanabaki na madumu yao kwenye foleni, wakisubiri huruma ya atakayekuja kufungua koki. Ndoo ya ethi ilikuwa na ruhusa yake kutoka kwenye tangi la upasuaji. Hakuna aliyeihoji, kwa kuwa aliyeichota alikuwa Mzee Salimu.

Halafu akafiwa na kaka yake Kondoa, akaomba likizo ndefu ya kushughulikia msiba na mirathi. Kabla hajapanda basi aliniita kando.

"Elia, nakuachia hospitali. Mengine utatumia akili yako. Ila ndoo ya ethi usimpe mtu. Hata akija mama yako mzazi."

"Sawa, mzee."

"Usiseme sawa haraka hivyo. Ahadi ni deni."

Basi, asubuhi ile ninayokusimulia nilikuwa nimeinama kufungua mfuniko wa shimo la nyuma ya chumba cha upasuaji, nikahisi mtu amesimama. Alikuwa bibi mmoja wa huko Chemba, Msandawe, Kiswahili chake cha kuokoteza. Bintiye alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa. Mkononi ameshika furushi la khanga zenye damu, na zimeshaanza kukakamaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hayo maji unamwaga chini?"

"Ndiyo, bibi. Ni ya umeme."

Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. "Umeme unakunywa maji," akasema, wala hakuuliza, alisema tu. "Mtoto wangu hana nguo safi. Tangu jana nasubiri koki."

Wewe ungefanyaje? Mimi nilimpa. Nilimmiminia ndoo yote kwenye beseni lake, na yule bibi akaniwekea mkono kichwani, akaniombea kwa lugha yake, maneno yenye milio ile ya kugonga ulimi ambayo sikuyaelewa hata moja. Sitaki kukudanganya, nilijisikia mtu mwema kuliko wote waliokuwa ndani ya uzio ule.

Wiki iliyofuata walikuwa wanawake kadhaa. Habari ilishazunguka wodini kuwa kuna kijana wa umeme ana maji na hana roho mbaya. Wakaniita Fundi Maji. Nikipita na bisibisi yangu mfukoni wananisalimia kwa jina hilo, na mimi natembea polepole ili wote wapate nafasi ya kunisalimia. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi nilikuwa mgema wa aina yake, kwani sikutia maji, niliyatoa, lakini kilichoharibika kiliharibika vilevile. Shimo la ethi nililiruka wiki ile, na nyingine, na zile zilizofuata. Taa ziliwaka. Jenereta liliitikia. Hakuna kilichonionyesha kuwa kuna kitu kimepungua, na hiyo ndiyo tabia ya ethi. Haikumbushi.

Kulikuwa na muuguzi anaitwa Pendo, kazi yake kuandaa vifaa vya upasuaji. Visu, mikasi na koleo aliviingiza kwenye mashine ya mvuke, vikachemka, akavitoa vikiwa safi. Kwa mikono yake hiyohiyo, siku wodi ya wazazi ikielemewa, alikwenda kupokea watoto. Siku moja alinikuta koridoni akicheka.

"Fundi Maji, ile mashine yako siku hizi inatekenya."

"Inatekenyaje, dada?"

"Nikishika mlango wake vidole vinanisisimka. Kidogo tu."

Nikamwambia avae ndala. Nikacheka, naye akacheka, kila mtu akashika njia yake. Mwanangu, fundi umeme anayemjibu mtu "vaa ndala" amekuwa mganga wa kienyeji, na tena mbaya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ufa niliambiwa ulipo, kwa jina na mahali.

Haikuchukua muda. Ilikuwa kabla ya adhuhuri, daktari anasubiri vifaa, Pendo kanawa mikono, hajaifuta vizuri, akashika mlango wa mashine. Hita ya ndani ilikuwa imepasuka, umeme umejaa kwenye bati. Kama ardhi ingekuwa na unyevu fyuzi ingekatika palepale. Ardhi ilikuwa kavu. Umeme haukuwa na pa kwenda, ukakaa pale ukimsubiri mtu.

Nilisikia mfagizi anapiga yowe, nikakimbilia swichi kubwa, nikazima. Nilipofika Pendo yuko sakafuni na hapumui. Daktari alimkandamiza kifua, akakandamiza, na mimi nimesimama mlangoni na mikono yangu ambayo haikujua kufanya lolote. Akarudi. Alikohoa, akafungua macho, akauliza kama vifaa vimeiva. Lakini kiganja cha kulia kilikuwa kimeungua vibaya, na tangu siku ile vidole vyake viwili havikunyooka tena. Koleo la upasuaji hakulishika vizuri tena maishani mwake, na mtoto mchanga, anayekuja anateleza, hakuthubutu tena kumpokea peke yake.

Mzee Salimu alipata habari, akapanda basi la kwanza. Alishuka na vumbi lote la barabara ya Kondoa mabegani, hakunisalimia, akaenda moja kwa moja nyuma ya chumba cha upasuaji. Akafunua mfuniko, akapiga magoti.

"Njoo uweke kidole hapa."

Udongo ulikuwa umejikunyata ukaachana na chuma. Kidole changu kiliingia katikati yake mpaka mwisho.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka, mzee."

"Maji yalikwenda wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, bibi wa Chemba, khanga za damu, wale kina mama, nami moyoni nikitumaini kwamba maji yale yatanitetea. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Kumbe ulikuwa unatoa sadaka."

"Ndiyo, mzee."

"Maji ya nani?"

"Ya hospitali."

"Hospitali haipigwi shoti, Elia. Yale yalikuwa maji ya Pendo. Umemnyang'anya Pendo, ukampa bibi, dua ukapokea wewe."

Baadaye kidogo, sauti imeshashuka, akasema kuwa hita ilikufa kwa uzee wake na hilo halinihusu, mashine huzeeka. Alikuwa mtu wa haki, hakunibebesha kisicho changu. Hata mbele ya wakubwa alisema ukweli ule ule, nikakatwa mshahara, nikabakizwa kazini.

Lakini kijana ni kijana. Nilimuuliza, "Sasa yule bibi, mzee, ningemfanyaje? Ningemwaga maji chini naye ananiangalia?"

"Ungemwaga, naye anakuangalia. Halafu kwenu kuna kisima?"

"Kipo."

"Baiskeli unayo?"

"Ninayo."

"Basi."

Kesho yake niliwahi kazini kuliko kawaida yangu, nikamkuta nje ya wodi ya wazazi anafungua dumu la maji kwenye keria ya baiskeli yake, anawagawia ndugu wa wagonjwa. Lile dumu nilikuwa naliona kila siku likiwa tupu, nikidhani ni la mafuta ya taa. Kumbe miaka yote alikuwa akichota kwake, anapedali nalo alfajiri, na anamaliza kugawa kabla mimi sijaamka. Hakuna aliyemwita Mzee Maji.

Pendo nilichelewa kumwendea. Niliogopa, niseme tu. Nilipomwendea alikuwa kitandani, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia habari ya ndoo. Aligeukia dirishani.

"Yule bibi alifua zile khanga?" akauliza.

"Alifua, dada."

"Afadhali." Kisha akanigeukia. "Lakini Elia, nilikwambia inatekenya. Nilikwambia."

Mwanangu, nimezeeka. Nimestaafu, nakaa hapa Ihumwa, na treni ya umeme inapita nyuma ya nyumba yangu bila hata moshi. Najua siku hizi mna vifaa vinavyokata umeme vyenyewe kabla mtu hajamaliza kusema "mama!" Vizuri, vitumieni. Lakini udongo wa Dodoma haujaenda chuo. Ukikauka unakauka kama zamani, na bado unataka mtu wa kuukumbuka.

Na kama wewe si fundi umeme, usidhani nakuacha. Kila kazi ina ndoo yake. Utakabidhiwa kitu ambacho kikitunzwa hakuna atakayekupongeza, na kikiachwa hakuna atakayejua leo. Atakuja mtu mwenye shida ya kweli, machozi ya kweli, akuombe hicho hicho. Huruma itakushika, na huruma si dhambi. Mimi sikukosea kumhurumia yule bibi, nilikosea mfuko. Ukitaka kutoa, toa chako: jasho lako, usingizi wako, maji ya kisima cha kwenu. Ulichokabidhiwa kwa dhamana kina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe hayupo pale kukataa. Yuko chumba cha pili ananawa mikono.

Na mtu akikwambia kwa kucheka kwamba kitu kinamtekenya, usicheke naye. Weka chini ulichoshika, uende ukaangalie.

Nami nakuombea. Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kutoa, na akupe cha kwako cha kutoa. Akupe masikio ya kusikia lililosemwa kwa sauti ndogo. Na mikono yote inayoitegemea kazi yako, usiyoijua na isiyokujua, irudi nyumbani jioni ikiwa mizima.