Resori za chini

Mucheke, lakini kwanza munitumie mutu mwenye jeki.

Leo asubuhi nilipeleka gari Mbarara, resori za nyuma, zile spring, zimechoka. Fundi, askari wa zamani mwenye Kiswahili ya jeshi, akaniuliza: "Wewe nataka spring ya juu ama ya chini?"

Ya juu ni ya wapi tena? Resori zote si ziko chini ya gari?

Nikamujibu kama mutu anayejua: "Ya chini, mzee."

Kwenye lami nilitembea muzuri, hata nikaimba.

Kufika Nakivale nikabeba mama mukwe wangu, anatoka soko. Kwenye kale kamulima kadogo ka njia, krrr! Tumbo ya gari ikalala kwa udongo. Magurudumu yanazunguka bure.

Nikapigia fundi.

"Si nilikuuliza? Ya chini nashusha gari. Vijana ya town napenda sana."

Mama mukwe akashuka pole pole, akaiangalia.

"Mukwe wangu, gari yako imepiga magoti. Inaomba?"

Akatwika kikapu, akaenda na miguu.

Sasa hivi bibi yangu, binti yake, amenipigia simu: "Mama amefika. Anauliza kama gari imeshasema amina."

Nimujibu nini?