Mgeni Aliyepewa Michembe Yangu

Asubuhi moja mama mkwe alinifuata kliniki ya watoto, Bariadi. Nilimwamkia "Shikamoo" nikiwa nimekaa, mtoto ananyonya. Akaitikia bila kuniangalia. Pembeni yangu mama kijana, mgeni kutoka Tanga, akapiga magoti sakafuni, akamsalimia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu!"

Mama mkwe akamshika mashavu. "Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu! Huyu ndiye Msukuma!" Akafungua kanga, akampa michembe yote, vile viazi vikavu alivyoniletea mimi.

Nilizaliwa Dutwa, hapahapa Usukumani, jamani. Wivu ulinikaba. Wenyeji tunajisifia Usukuma wetu kila siku, magoti tunawaachia wageni.

Jioni nikapiga magoti mlangoni kwake, nikamsalimia. "Mwadila, mayu."

Akanitazama kwa wasiwasi. "Haya sema, unataka kuomba nini?"