Niliandika Kwamba Waraka Hautuhusu

Nina miaka thelathini na minne, nina mke na watoto watatu, na huimba kwaya katika kanisa letu la Moraviani. Mhariri amenikubalia kulificha jina langu. Kazi yangu pengine itanifichua kwa watu wa Tabora, lakini nisipoieleza hamtanielewa.

Mimi ni karani katika karakana ya kampuni ndogo ya ndege hapa uwanjani. Garimoshi la barua likifika, huletewa bahasha za makaratasi ya injini. Makaratasi hayo ni ya aina mbili. Amri za serikali ni sheria: zikisema kifaa kibadilishwe, ndege hairuki mpaka kibadilishwe. Nyaraka za kiwanda kilichotengeneza injini ni maonyo na ushauri, na serikali huweza kukaa miezi kabla ya kuugeuza ushauri kuwa amri. Mimi huzisoma zote, nikalinganisha namba za injini zinazotajwa na za ndege zetu, kisha nikaandika daftarini: inatuhusu, au haituhusu. Ikituhusu nampelekea fundi mkuu. Fundi mkuu alikuwa kaka mkubwa wa mke wangu. Ndiye aliyeniombea kazi hii.

Mwaka jana, kabla ya mvua, ulikuja waraka wa kiwanda juu ya bomba la oili lililokuwa likipasuka shingoni. Namba zilizotajwa hazikuwa zetu. Nikaandika hautuhusu, na ilikuwa kweli. Wiki tatu baadaye ukaja mwingine, kichwa kilekile, mchoro uleule. Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nawahi mazoezi ya kwaya. Nikadhani wametuma nakala mara mbili. Nikauchomeka kwenye faili bila kufunua ukurasa wa pili, wala sikuuandika daftarini.

Ndege yetu moja ilianguka karibu na Bukene, kwenye shamba la karanga, saa nne asubuhi. Rubani alikufa. Alikuwa kijana Mwingereza aliyependa kutusalimia kwa Kinyamwezi, “Mwangaluka,” salamu ya asubuhi, hata ikiwa jioni, na hakuna kati yetu aliyemrekebisha.

Mabaki ya injini yalipoletwa karakanani nikaona bomba la oili limepasuka shingoni. Nilikwenda kwenye faili nikafunua ule ukurasa wa pili. Kiwanda kilikuwa kimeongeza namba. Yetu ilikuwamo. Niliukunja waraka, nikautia ndani ya shati, nikarudi mezani kuchonga penseli.

Akaja Mzungu mkaguzi wa ajali. Akaniuliza, “Karani, kuna waraka wowote juu ya bomba hili?”

“Upo mmoja, Bwana. Hautuhusu.”

Nikamwonyesha daftari. Akalinganisha namba, akaridhika. Amri ya serikali ilikuwa bado haijatoka, kwa hiyo naye hakuwa na la kuniuliza zaidi. Na kwa kuwa shemeji ndiye aliyelikaza bomba lile siku moja kabla ya ajali, ikaandikwa kwamba alilikaza vibaya. Akanyang'anywa cheti, akafukuzwa, akarudi kwao Ipole kufuga nyuki. Mke wangu alilia wiki nzima. Mimi nilikuwa namwangalia akilia kama ninayemwangalia mtu wa nyumba ya jirani.

Mwezi uliopita shemeji alikuja kututembelea. Amekonda.

“Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba. Hamjambo hapa?”

Tulipomaliza kula, mke wangu akatoka na vyombo. Shemeji akasema, “Unajua, mwanzoni nilikuwa nabisha. Nilikumbuka kabisa nilivyolikaza lile bomba. Sasa nimewaza sana, naona walisema kweli. Naiona spana inateleza, nami naiacha hivyohivyo.”

“Umeiona lini?” nilimuuliza.

“Kila siku naiona.”

Akatoa karatasi mfukoni. Ni barua ameiandika kwa mkono wake, kwa wazazi wa yule rubani, huko Uingereza. Anawaambia kwamba yeye ndiye aliyemuua mtoto wao kwa uzembe, na anaomba wamsamehe.

“Wewe ndiye unayejua Kiingereza,” akaniambia. “Nitafsirie vizuri, shemeji. Wasione nawadanganya.”

Nilimjibu, “Haya.”

Nimeitafsiri yote. Nilitafuta kila neno, nikaisoma mara mbili, haina kosa hata moja. Wakati naandika sikusikia kitu chochote moyoni, na hilo ndilo linalonitisha kidogo, kwamba hata hofu yenyewe inakuja kidogo tu. Waraka ninao bado nyumbani. Nikiutoa, huenda nikafungwa, na mke wangu atajua ni nani aliyemfanya kaka yake awe hivi. Nisipoutoa, wazazi wale watamsamehe mtu asiye na kosa, naye atashukuru.

Jumapili baada ya ibada anakuja kutia sahihi. Ndugu wasomaji, ninyi mnaosoma bila kunijua, nielekezeni. Nimpe kalamu?