Ng'ombe wa Umutoni

Ninyi wa kule nyumbani mnanisumbua niandike, na kalamu hainitii. Bon, someni hivyo hivyo. Baridi ya 2015, Umutoni wetu, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Buffalo, Marekani, hakutulia wiki nzima. Jumamosi angeteleza kwenye theluji na skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, aruke, apinduke hewani. Akianguka, timu ya chuo inamwacha. Shangazi yake Nyirangabo akaja kutoka Louisville kumkataza.

“Kwetu milimani wanaoruka ni ndama, si wasichana!”

“Basi shangazi, nihesabu ndama.”

Siku yenyewe shangazi alisimama kwenye theluji, kitenge juu ya koti, anatafuna kucha. Umutoni akaruka, akapinduka, akatua wima.

“Nimekupa ng'ombe!” shangazi akapaza sauti mbele ya watu.

Kwetu neno hilo halirudishwi, na hapa hana hata mbuzi. Donc, wewe unayesoma, mwenye zizi kule Minembwe, milimani kwetu Kongo, mtolee ng'ombe mmoja.